Kishikio cha Bafuni kwa Mama Khoon

Saw Teik Hin akiingia nyumba ya mtu kufanya kazi, hakuanza kuuliza ukuta ni wa tofali au wa zege. Alisimama pale mlangoni, viatu bado viko miguuni, mfuko wa drili begani, akauliza, "Humu ndani kuna mjamzito?"

Watu wa mtaa wetu wa Jelutong walishamzoea. Mabinti wengine walicheka mpaka wakajishika mbavu. Bibi mmoja aliyekula chumvi nyingi, aliyetaka afungiwe feni ya ukutani, alimjibu, "Yupo, ni mimi hapa, na baba wa mtoto ni wewe! Ingia ufanye kazi, joto linaniua." Teik Hin hakucheka. Alingoja mpaka bibi akaapa kwamba hakuna, hata mpangaji wa chumba cha nyuma hana kitu, ndipo akavua viatu.

Kazi yake ilikuwa kushikiza vitu ukutani. Usimwite mwashi wala fundi umeme, angekukatalia. Hita ya bafuni, geti la chuma, kiyoyozi, rafu ya kufukizia ubani wazee waliotangulia, chochote ambacho kikianguka kitampasua mtu kichwa, aliitwa yeye. Na kwa vitu vizito alipenda zile bolti za kugonga, zenye pini katikati. Unatoboa tundu, unapuliza vumbi, unachomeka bolti, halafu unaigonga pini, pini peke yake, mpaka ilale sawa na kichwa. Kule ndani bolti inapanuka, inauma zege, na haitoki tena. Ubaya wake ni kwamba hakuna kujaribu. Skrubu unaweza ukaifungua ukaanza upya, ukajifanya hukukosea. Bolti ya kugonga ukishaigonga umeshaigonga.

"Ndiyo maana napuliza, halafu napuliza tena," alizoea kusema. "Vumbi likibaki kule chini, bolti inauma unga. Wewe unadhani umeshika, kumbe hujashika kitu."

Halafu alikuwa na sikio, jamani. Pini ikiwa bado inashuka inatoa sauti nzito; ikifika mwisho inalia kali na fupi, na nyundo inarudishwa mkononi. Teik Hin aliweza kukaa mgahawani na kahawa yake nyeusi, fundi mwingine anagonga huko jengo la pili, akasema, "Hiyo haijashika." Wenzake walimwambia aache kujidai. Alikuwa anajidai, sikatai, lakini sikumbuki siku aliyokosea.

Sasa turudi kwenye lile swali lake la mlangoni. Kwetu hata mtoto anajua kwamba nyumba yenye mjamzito haigongwi. Haitobolewi, haipigwi msumari, kitanda hakisogezwi. Mlinzi wa mimba anatembea humo ndani, leo yuko mlangoni, kesho jikoni, keshokutwa kitandani, na ukimgonga yeye umemgonga mtoto. Unaweza ukaamini, unaweza usiamini, lakini nyundo utaiweka chini tu, maana nani anataka kuwa yule aliyegonga? Na hata mtoto anajua jambo jingine: mimba haitangazwi kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Bado changa, ukiitaja unaifukuza. Haya, zitie amri hizo mbili ndani ya nyumba moja uone kitakachotokea. Huyu haruhusiwi kugonga mimba ikiwepo, na yule haruhusiwi kumwambia kwamba mimba ipo.

Ndivyo ilivyomkuta Teik Hin. Mwaka ule joto lilikuwa la kukaanga mayai juu ya bati. Pheik See, mke wa Wei Khoon, mwana wa pekee wa Teik Hin, alikuwa anapika huku jasho linamtiririka na kichefuchefu kimemshika, naye mzee akasema moyoni, mkwe wangu atazimia humu jikoni, na mimi nipo nafungia feni watu baki. Alikuwa anampenda yule binti. Hakuwa na binti wa kumzaa. Siku hiyo hiyo akatoa drili, akafunga feni kubwa ukutani juu ya jiko, huku anaimba. Haikupita hata siku mbili, Pheik See akakimbizwa hospitali. Teik Hin alijua kwamba kulikuwa na mimba akiwa amesimama kwenye korido ya wodi, siku ambayo mimba yenyewe ilikuwa imeshatoka.

Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililommaliza. Gaik Sim, mkewe, ambaye mtaani wote tunamwita Mama Khoon, hakusema neno. Wei Khoon hakusema neno. Pheik See mwenyewe aliporudi nyumbani alimwamkia kama siku zote, "Baba, umekula?" Laiti wangemtukana, angejitetea, yangekwisha. Badala yake kila mtu alipita kimyakimya, na yeye akabaki na yake kifuani. Feni ilikaa pale juu, hakuna aliyeiwasha. Kuing'oa nako alishindwa, kwa sababu aliigonga kwa ustadi wake wote.

Ikapita miaka mitatu. Pheik See akashika mimba tena, na safari hii Wei Khoon hakungoja mwezi wa tatu wala wa pili. Kabla hajarudi kazini kwake Singapuri, alimvuta baba yake pembeni akamnong'oneza. Teik Hin alikwenda stoo akakusanya nyundo, drili, patasi, hata ile nyundo ndogo ya kuvunjia kokwa, akavihamishia vyote ndani ya gari lake la kazi nje barabarani. Mlango wa kabati uliokuwa unalegea aliufunga kwa kamba. Jirani wa ukuta mmoja, Zakaria, alipotaka kutundika picha ya harusi ya mwanawe, Teik Hin alimfuata kwa heshima zote akamwomba asubiri. Zakaria alikuwa mtu mwema, akaiegemeza picha kwenye kochi na ikakaa hapo.

"Bibi harusi wangu amekaa sakafuni kwa ajili ya mjukuu wako," alimtania. "Mtoto akizaliwa aje amwombe radhi."

Mimba ilipofika mwezi wa tano, Mama Khoon alipata kiharusi. Alikuwa anamenya uduvi, kisu kikamdondoka, na mkono wa kushoto ukakataa kukiokota. Alirudi kutoka hospitali na fimbo ya miguu minne, mguu mmoja unaburuta, ulimi ukiwa mzima kabisa, wenye makali yake yale yale. Bafu letu la nyumba hizi za mstari unalijua: liko nyuma ya jiko, choo kikiwa humo humo, unashuka kidaraja, ngazi moja tu, na vigae vyake vya zamani vikilowa vinateleza balaa. Pale mtu wa namna ile anahitaji kishikio cha chuma ukutani. Na katika Jelutong nzima, mzee gani hakuwa na kishikio bafuni kilichofungwa kwa mkono wa Teik Hin? Alibaki mmoja tu, naye ni mke wake.

Kishikio alikinunua siku ile ile, cha chuma kisichoshika kutu, pamoja na bolti zake. Alipiga alama ya penseli ukutani mahali pa kutoboa. Halafu akakifunga na gazeti akakisukuma chini ya kitanda, kingoje mtoto azaliwe. Wapo waliomshauri atazame kalenda ya wazee, kwamba ziko siku yule mlinzi anakuwa nje ya nyumba. Teik Hin hakutaka hata kusikia. Alishamgonga mjukuu mmoja bila kujua, hakuwa tayari kubahatisha na wa pili.

Basi akaleta kishikio cha kunyonya, vile vya mpira vinavyobandikwa kwenye vigae bila kutoboa. Kilishika siku chache. Siku kilipoachia, Mama Khoon alikuwa amekikamata kwa nguvu zake zote, akashuka nacho mpaka chini. Walimkuta ameketi sakafuni, amekishika mkononi kama simu.

"Mpigieni aliyetuuzia," alisema. "Mwambieni nimefika salama."

Wakajaribu kumletea kiti chenye ndoo ya kujisaidia, kikae chumbani karibu na kitanda. Alikitazama mara moja. "Sijafa bado," akasema. Zakaria alikichukua akampelekea mama yake.

Ikabidi Teik Hin awe kishikio yeye mwenyewe. Kila mkewe alipotaka kwenda, alitangulia bafuni, akasimama uso umeelekea ukutani, mkono wake mmoja ameunyoosha nyuma, na mke akaushika akiketi na akaushika akiinuka. Mwanzoni walicheka.

"Geuka huko."

"Nimeshageuka."

"Geuka zaidi."

"Mama Khoon, nikigeuka zaidi ya hapa nitakuwa nakutazama tena."

Lakini kicheko cha namna hiyo hakidumu. Baada ya majuma kadhaa hakuna aliyecheka tena. Siku moja Mama Khoon alisema, akiwa bado ameshika ule mkono, "Baba Khoon, miaka yote niliyoishi na wewe hujawahi hata kunisikia nikijamba. Tazama sasa." Sauti ilikuwa ya mzaha, lakini Teik Hin hakusikia mzaha wowote. Alitazama vigae mbele ya pua yake, na ile alama ya penseli aliyoipiga mwenyewe. Alijua kabisa kwamba ni mashimo manne tu na robo saa ya kazi. Aliona uchungu mpaka machozi yakamlenga, akashukuru kwamba amepewa amri ya kutogeuka.

Mama Khoon akaanza kujinyima maji ili asiende mara nyingi. Akaanza kuvizia pia. Mume akitoka hata kufuata kahawa, yeye huyo na fimbo yake, anakwenda peke yake, ili apate dakika chache za kuwa mtu. Mara nyingine alirudi salama. Mara nyingine hakurudi, na aliyemsikia akianguka alikuwa Pheik See, ambaye tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa kiasi kwamba hakuona vidole vyake vya miguu.

"Usimwambie," mama mkwe alimsihi kila mara, akiwa chini. "Ukimwambia ataacha kabisa kutoka, na mimi nitakufa kwa kumwona mbele yangu."

Naye Pheik See hakusema. Alimpitishia mikono kwapani, akamwinua.

Asubuhi moja Teik Hin alipanda baiskeli yake kwenda kuangalia ukuta wa mjane mmoja karibu na soko. Gari aliliacha mbele ya nyumba, ufunguo kwenye msumari wake. Kazi ya mjane ilikuwa ndogo, hakukawia. Alinunua bahasha ya vitumbua vya dengu anavyovipenda mkewe, akarudi taratibu. Alipokata kona ya mtaa wake akasikia nyundo.

Damu ilimpanda kichwani. Zakaria! Yaani kumwomba kote kule, picha tu, ameshindwa kusubiri mwezi mmoja? Akakanyaga pedeli kwa hasira, midomo inapanga matusi. Alipofika mbele ya nyumba ya Zakaria, Zakaria huyo yuko mlangoni na msuli wake, macho yamemtoka.

"Si kwangu," Zakaria akasema. "Ni kwako."

Teik Hin aliitupa baiskeli pale pale. Na hata akikimbia, sikio lake halikumsikiliza. Lilikuwa linafanya kazi yake kama siku zote. Lilisikia kwamba nyundo inapiga kichwa cha bolti, si pini. Lilisikia kwamba tundu halikupulizwa. Lilisikia bolti inacheza. Hiyo haijashika, sikio likasema, na hiyo nayo haijashika.

Jikoni, Mama Khoon alikuwa amekaa kwenye kiti, nundu mbichi kwenye paji la uso, analia kwa sauti. "Nimemkataza! Nimemkataza huyu mtoto, hasikii! Mwambie wewe!"

Bafuni, Pheik See alikuwa amekaa juu ya kigoda cha plastiki, tumbo limemkalia mapajani, nywele zimejaa vumbi la vigae. Drili aliyoitoa garini ilikuwa sakafuni. Kishikio kilikuwa ukutani, bolti zote nne zimeingia, kinang'aa kama vile kimefungwa na fundi. Nyundo ilikuwa mkononi mwake.

"Lete hiyo nyundo," Teik Hin akasema.

"Sileti, Baba."

"Pheik See, mwanangu, nakuomba. Lete."

"Nimemwinua mama leo," Pheik See akasema, na sauti ikaanza kumkatika. "Si mara ya kwanza, Baba. Kila ukitoka anaanguka, na kila akianguka namwinua mimi, na tumbo hili. Leo nilipomnyanyua nimesikia kitu kinavutika huku chini, nikakaa sakafuni naye tukawa wawili hatuwezi kuinuka. Sasa niambie wewe. Mtoto ataumia kwa nyundo, au ataumia kwa mimi kubeba mtu mzima kila siku?"

Teik Hin alimgeukia mkewe. Mama Khoon aliangalia mikono yake.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," Mama Khoon akasema. "Haya nipigeni mniue, yaishe."

Teik Hin aliingia bafuni akaichukua nyundo, na Pheik See safari hii aliiachia. Akakishika kile kishikio akakivuta kidogo. Kikacheza. Hapo ndipo alipoona alipokwama. Kishikio kisichokuwepo, mtu anajua hakipo, anajihadhari. Kishikio kinachong'aa ukutani na hakijashika, mtu anakiamini, anakipa uzito wake wote. Kukiacha vile ni kumuua mkewe. Kukitoa, bolti mbili zilikuwa zimeshauma nusunusu, hazitoki bila kugongwa. Kukishikiza, ni kugonga. Kila upande ilikuwa nyundo. Alisimama nayo mkononi, mtu ambaye amegonga tangu ujana wake, na mkono haukuinuka.

"Siwezi," akasema. "Yule wa kwanza nilimuua mimi. Huyu siwezi."

Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutamkwa ndani ya nyumba ile. Pheik See alijishika ukutani, akainuka kutoka kwenye kigoda, akasimama karibu naye.

"Baba, hukumuua."

"Niache."

"Sikiliza. Alikuwa ameshaondoka. Daktari alinipima kabla hujafunga feni, akaniambia moyo haupigi, nirudi siku ya tatu wanisafishe. Nikarudi nyumbani. Wewe ukaja na feni yako, unaimba. Nilikaa pale jikoni nakutazama, najua kwamba amekufa tumboni, na sikuweza kukwambia, kwa sababu hukuwa unajua hata kwamba yupo."

Teik Hin alimkodolea macho. Halafu hasira ikamjia, hasira ambayo hata yeye hakujua inatoka wapi.

"Miaka mitatu!" akapaza sauti. "Miaka mitatu unaniamkia asubuhi, unanipakulia wali, na mimi nakula nikijua ni muuaji! Ulishindwa kusema neno moja?"

"Ningejuaje unayobeba?" Pheik See naye akapaza yake. "Ulisema lini? Nilidhani hutaki kuitaja kwa kuwa unaniona mimi ndiye mwenye kasoro! Humu ndani nani aliyewahi kusema kitu, Baba? Nani?"

Zakaria, aliyekuwa ameingia mpaka jikoni kwa wasiwasi, alirudi nyumanyuma akatoka.

Kama Pheik See alisema kweli, mimi sijui. Teik Hin naye hajui. Inawezekana ilikuwa hivyo hivyo alivyosema. Inawezekana pia aliitunga pale pale, bafuni, amesimama na vumbi kichwani, baada ya kuuona ule mkono umeganda. Wei Khoon angeweza kuulizwa, daktari angeweza kuulizwa. Teik Hin hakuuliza na ameapa hatauliza, na ninavyomfahamu, ataingia nalo kaburini. Aliniambia tu kwamba alipomtazama usoni aliona mtu ambaye amechoka kuogopa, akaona haya kuendelea kuogopa peke yake.

Alimwambia Pheik See akakae nje barazani.

"Nikakae nje? Kwani huyo mlinzi ananifuata mimi au anafuata nyumba?" Pheik See akauliza.

"Sijui."

"Basi nabaki hapa nikushikie."

Teik Hin akaanza kazi. Alizichomoa zile bolti mbili zilizokuwa zinacheza, akayapanua matundu na kuyaongeza kina, akapuliza, akapuliza tena, akatia bolti nene zaidi. Zile mbili zilizouma nusu aliziacha, zilihitaji kumaliziwa tu. Pheik See alikinyanyua kishikio akakinyoosha. Ikabaki kugonga. Aliweka nyundo tayari, lakini mkono bado ulikuwa na hasira ndani yake, na mkono wenye hasira unapinda pini. Akaushusha, akapumua mpaka ukapoa. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa fundi mwingine. Aliugonga ukuta polepole kwa kifundo cha kidole, akasogeza mdomo karibu na vigae.

"Hodi," akasema. "Mwenyewe kama upo hapa, naomba upishe kidogo. Ni kwa ajili ya bibi yake mtoto."

Akangoja kama mtu anayengoja kufunguliwa. Halafu akapiga.

Nisikuweke roho juu bure. Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, msichana, mzima, viungo vyote mahali pake, na mapafu ya kutuamsha mtaa mzima. Lakini pale bafuni hakuna aliyelijua hilo. Kila pini iliyogongwa, Teik Hin alimtazama mkwe wake tumboni, na Pheik See alijiuma mdomo, na kule jikoni Mama Khoon aliwaita wazee waliotangulia mmoja mmoja kwa majina yao. Pini ya kwanza ililia kali na fupi. Ya pili ikalia. Ya tatu ilikuwa ngumu, ikataka kupinda, akaituliza, ikashuka. Ilipofika ya mwisho, Pheik See alishtuka akajishika ubavu.

Nyundo ilisimama hewani. "Nini? Nini!"

"Amenipiga teke."

"La maumivu?"

"La teke tu, Baba. Malizia."

Akamalizia. Akakaza nati. Halafu, kama anavyofanya kila nyumba, alikishika kishikio kwa mikono miwili akakunja miguu, akaning'inia pale mtu mzima na mvi zake, mpaka akaridhika. Akateremka, akafuta vumbi kwa kiganja, akaenda kumleta mkewe.

Mama Khoon alishuka kidaraja polepole. Alikitazama kile chuma kwa muda. Mkono wa kushoto haukuwa na kazi, akakikamata kwa wa kulia. Akajishusha akaketi. Akavuta, akainuka. Hakuyumba. Akajishusha tena, akainuka tena, na uso ukaanza kumbadilika, mdomo ule uliopinda kidogo tangu kiharusi ukawa unatafuta jinsi ya kucheka. Teik Hin alikuwa ameshasimama mahali pake pa kila siku, uso ukutani, mkono umenyooka nyuma.

"Unafanya nini hapo?" Mama Khoon akauliza.

"Nakungoja."

"Toka."

"Nitoke?"

"Wote wawili. Tokeni mfunge mlango."

Wakatoka. Pheik See aliuvuta mlango nyuma yao. Wakasimama jikoni, vumbi limewapaka, hawajui wafanye nini, na kule ndani wakasikia fimbo inaegemezwa ukutani, halafu komeo linasukumwa polepole kwa mkono mmoja, linakwama, linasukumwa tena, mpaka likaingia.

"Mama Khoon, usifunge komeo!" Teik Hin akaruka. "Ukianguka tutaingiaje?"

"Sianguki."

"Nasema, je, ukianguka?"

"Baba Khoon," sauti ikatoka nyuma ya mlango, na ilikuwa sauti ya mkewe kama alivyokuwa anaisikia zamani, kabla ya mikono na ndoo na fimbo. "Nimo chooni. Hebu ondoka hapo mlangoni."

Teik Hin akaondoka. Alifika mpaka kwenye meza ya jikoni, akaketi, akaufunika uso kwa mikono, akalia bila kujificha, na Pheik See akavuta kiti akakaa karibu naye. Mle bafuni Mama Khoon hakuwa na haraka kabisa.